Mfalme wa Bandia, Barua ya Kweli

Vijana wengi wa mjini wakisikia Mpanda wanafikiria asali, tumbaku na treni iliyochelewa. Mwese hata haimo katika fikra zao. Iko mbele zaidi, kwenye nyanda za juu zenye baridi kati ya mji wa Mpanda na Ziwa Tanganyika, nchi ya Watongwe na Wabende. Siku hizi inahesabiwa katika Mkoa wa Katavi, mkoa wa juzi tu uliozaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo ilikuwa Rukwa. Huko, katika miaka ya 1960, serikali yetu iliwapa ardhi wakimbizi kutoka Rwanda. Wakafyeka, wakajenga, wakalima, wakazaa, wakazikana.

Ilikuwaje watu wa Rwanda wakaishia Mwese? Jibu la haraka ni "ukabila", na wengi hukomea hapo, wakafunga daftari. Mimi naliona jibu hilo kuwa la kivivu. Haliongopi, ila linaanza katikati. Hebu tuanze nyuma kidogo, kwenye karatasi moja aliyoitoa Mjerumani mwaka 1897 kumtambua mfalme mpya. Na kituko chenyewe, ndugu msomaji, ni kwamba mtu aliyekabidhiwa ile karatasi hakuwa mfalme.

Mwaka 1895 alifariki Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, mfalme wa vita ambaye jina lake lilitetemesha nchi zote jirani. Mrithi hakuwa wa kutafutwa. Mwanawe Rutarindwa alikwisha kutawazwa tangu 1889 awe mtawala pamoja na baba yake. Utawala wa Rwanda ulikuwa na walinzi wa siri zake, walioitwa abiru, na alama yake kuu ilikuwa ngoma iitwayo Kalinga. Anayetajwa na abiru na kupewa Kalinga, huyo ndiye. Lakini mila ilidai pia kwamba mfalme awe na mama wa kutawala naye, na mama mzazi wa Rutarindwa alikuwa amekufa. Rwabugiri akamteulia mama wa kufikia, mke wake aitwaye Kanjogera. Sasa sikia: Kanjogera alikuwa na mtoto wake mwenyewe wa kiume, na alikuwa na kaka zake, Kabare na Ruhinankiko, watu wa ukoo wa Bega wasiokuwa na mchezo hata kidogo. Mwenye macho angeiona kasheshe inakuja.

Ilikuja mwishoni mwa 1896, mahali paitwapo Rucunshu. Walipigana ndugu kwa ndugu. Rutarindwa alizidiwa, akafia ndani ya nyumba iliyokuwa ikiwaka moto. Kesho yake Rwanda ilikuwa na mfalme mwingine: Musinga, mtoto wa Kanjogera, mvulana ambaye bado hata ndevu hazijaota, akapewa jina la kifalme la Yuhi wa Tano. Nyuma ya kiti alikaa mama yake pamoja na wajomba.

Kiti kilichopatikana kwa moto kinahitaji shahidi. Nchini kulikuwa na watu wengi wenye kinyongo, na abiru waliobaki walijua vizuri jina gani lilitajwa na jina gani halikutajwa. Isitoshe, mwaka ule ule wa 1896, huko Shangi kando ya Ziwa Kivu, jeshi la Rwanda lilikwenda na mikuki yake kuwatoa maofisa wa Kongo ya Mfalme Leopold waliokuwa wamepiga kambi. Bunduki ziliongea. Ikulu ikaelewa kwamba hawa watu weupe hawafukuziki kwa mikuki. Ukijumlisha hayo mawili, adui wa ndani na bunduki za nje, utaona ni kwa nini Mzungu wa pili alipobisha hodi hawakumrushia mshale.

Mzungu huyo alikuwa Kapteni Hans Ramsay, mkuu wa kituo cha Wajerumani cha Ujiji. Kwenye ramani za Ulaya, Rwanda ilikuwa imekwisha kugawiwa Ujerumani. Kilichobaki ni kuwaarifu wenye nchi. Machi 1897 Ramsay akafika, akataka kuonana na Mwami. Wakubwa wa ikulu wakakaa kikao. Wamtoe yule mtoto mbele ya mgeni mwenye silaha, ambaye hawajui amekuja na uchawi gani au na nia gani? La hasha. Wakamtoa mtu mzima wa pale pale ikulu, jina lake Mpamarugamba, wakampamba, wakamketisha, wakamwambia Ramsay: huyu hapa ndiye.

Ramsay akaamini. Akampa heshima zote. Akamkabidhi bendera ya Kaiser na barua ya ulinzi, yaani hati inayosema kwamba mfalme huyu yuko chini ya himaya ya Ujerumani na atalindwa dhidi ya maadui zake. Kisha akaenda zake, bila shaka ameridhika kwamba kazi imekwisha.

Kwa lugha ya mtaani tungesema jamaa aliingizwa mjini. Na hivyo ndivyo kisa hiki kinavyosimuliwa kila mara, kama kichekesho cha Mzungu aliyepigwa changa la macho na Waafrika wajanja. Nacheka na mimi. Lakini tukimaliza kucheka tuulize: ulaghai ulipogunduliwa, ilikuwaje? Maana uligunduliwa. Mwaka uliofuata alifika Richard Kandt, daktari na msafiri aliyekuja kuwa mkuu wa Wajerumani nchini humo na mwanzilishi wa mji wa Kigali. Kandt aling'amua kwamba mtu mzima anayeonyeshwa kwa wageni hawezi kuwa Musinga, kwa kuwa Musinga ni kijana mdogo. Basi barua ikafutwa? Bendera ikarudishwa? Hapana. Hakuna aliyehangaika. Hati iliyotolewa kwa mfalme wa bandia iliendelea kufanya kazi kama kawaida kwa mfalme wa kweli.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Barua ile haikuandikwa kwa ajili ya uso wa Musinga, wala wa Mpamarugamba. Iliandikwa kwa ajili ya macho ya Mbelgiji aliyekuwa ng'ambo ya Kivu, akitafuta mpaka usogee kidogo upande wake. Ugomvi wa mpaka ule uliendelea hadi ulipomalizwa mezani Brussels mwaka 1910. Ujerumani ilichohitaji ni kuweza kusema: "Mfalme wa huku amepokea bendera yetu." Mfalme gani, aliingiaje, nani alichomwa moto ndani ya nyumba yake, hayo hayakuwa na uzito. Kilichotambuliwa ni kiti kilichokubali bendera. Aliyekalia kiti angeweza kuwa yeyote, na siku ile ya Machi alikuwa yeyote kweli.

Ukidhani natia chumvi, tazama Unguja miezi saba kabla ya hapo. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini. Khalid bin Barghash, mtoto wa sultani wa zamani, akaingia katika jumba la kifalme na kujitangaza. Kwa nasaba alikuwa na haki ya kusimama mbele ya watu. Lakini Mwingereza alikuwa na hati yake: hakuna sultani bila ridhaa ya balozi wake. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zikafyatua mizinga. Haikufika saa moja. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na alasiri ya siku hiyo hiyo Unguja ilikuwa na sultani mwingine, Hamoud bin Mohammed, aliyekubalika kwa Mwingereza. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani na kupelekwa Dar es Salaam. Angalia mambo hayo: mwaka mmoja, mtoto wa sultani anapigwa mizinga kwa kukosa idhini, na huku bara kijana aliyepandishwa juu ya majivu ya nduguye anapewa barua ya ulinzi bila hata kuonekana. Tofauti yao haikuwa uhalali. Mmoja alikuwa njiani mwa dola, mwingine alikuwa na faida kwake.

Turudi Rwanda. Barua ya ulinzi haikukaa kabatini. Mwaka 1911 alitokea kaskazini kijana aitwaye Ndungutse, akajitangaza kuwa mwana wa Rutarindwa. Alikuwa mwana kweli au mwongo? Watu wa kaskazini, waliochoshwa na watoza kodi na kazi za shokoa za ikulu, hawakuuliza sana. Walimfuata kwa maelfu. Ikulu ikatetemeka, maana lilikuwa ni jina la Rucunshu linafufuka. Aprili 1912 askari wa Kijerumani wakaongozwa na Luteni Gudowius kwenda kulizima. Ndungutse aliuawa, vijiji vikachomwa. Deni la 1897 lililipwa hapo: dola iliyomtambua Musinga ikamlinda Musinga, na wakulima wa kaskazini wakalipia gharama.

Lakini anayekupa kiti anajua pia njia ya kukitoa. Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani mwaka 1916, wakamkuta Musinga, wakamwacha kwa kuwa alikuwa rahisi kuliko kuanza upya. Halafu wakaanza kumkata kucha kidogo kidogo. Waliondoa mamlaka yake ya kuhukumu kifo. Walimtaka aruhusu dini mpya zihubiriwe bila kizuizi. Yeye alikataa kubatizwa na kuzidi kujikunja ndani ya mila zake. Askofu Léon Classe, aliyekuwa na sauti kubwa kwa serikali, alishinikiza aondolewe. Novemba 1931 Gavana Voisin alimwondoa, na siku chache tu baadaye akamtangaza mwanawe Rudahigwa, Mutara wa Tatu. Utaratibu wa abiru uliwekwa kando. Kwa mara ya kwanza mfalme wa Rwanda alitangazwa na gavana wa kigeni mchana kweupe, bila hata kusumbuka kutafuta mtu wa kumpamba na kumketisha.

Musinga alipelekwa uhamishoni Kamembe, na mwaka 1940 akasukumwa mbali zaidi, mpaka Moba kwenye pwani ya Kongo ya Ziwa Tanganyika. Alifia huko mwaka 1944. Chukua ramani utazame Moba iko wapi. Ng'ambo ya maji ni pwani ya Karema, ile yenye boma lililojengwa na Wabelgiji wa Leopold mwaka 1879, na bara yake ni Mpanda. Yule mvulana wa barua ya 1897 alizimia upande wa pili wa ziwa letu, akiwa mzee asiyetambuliwa na yeyote.

(Sisi tunaojikuna vichwa tukitafuta kisa cha kuandika riwaya, tukikopa majambazi wa sinema za Hong Kong, kisa kama hiki kiko hapa na hakidai hata kuongezewa chumvi.)

Sasa tufike Mwima, 1959, kwani huko ndiko njia ya Mwese inakotokea.

Tarehe 25 Julai 1959 Rudahigwa alikufa ghafla Bujumbura, wakati ule Usumbura, baada ya kuchomwa sindano na daktari wa Kibelgiji. Hakuwa na mtoto. Wengi nchini waliamini ameuawa, na fununu ile ilifanya kazi kubwa kuliko ripoti yoyote ya daktari. Mazishi yalipangwa tarehe 28, kilima cha Mwima karibu na Nyanza. Gavana Jean-Paul Harroy alikwenda na maofisa wake. Kwa upande wa serikali mambo ya mrithi yangengoja; labda baraza la muda, labda mazungumzo, labda katiba kwanza. Umati uliojaa kilimani, wengine na mikuki na pinde, ulikuwa na mawazo tofauti. Mbele ya kaburi sauti zikapazwa: mfalme hazikwi kabla wa pili hajatajwa. Abiru wakataja. Jina likatoka: Jean-Baptiste Ndahindurwa, kijana wa miaka 23, mtoto mwingine wa Musinga, aliyezaliwa Kamembe wakati baba yake yuko uhamishoni. Akapewa jina la Kigeli wa Tano.

Fikiria Harroy alivyosimama pale. Akikataa, kuna damu pale pale kaburini. Akikubali, dola yake imepangiwa mfalme na watu ambao tangu 1931 ilidhani imewanyamazisha. Akakubali. Lakini soma kwa makini alivyokubali: kwa masharti kwamba mfalme huyu atawale kikatiba, na aape hivyo. Kiapo kilifanyika tarehe 9 Oktoba 1959. Mwima abiru walitoa mfalme; Oktoba Mbelgiji alimpa karatasi. Na mwenye kutoa karatasi kwa kusukumwa huwa anatafuta siku ya kuichukua.

Siku hiyo haikukawia. Novemba 1959 nchi ililipuka. Usinielewe vibaya, mimi simlilii mfalme. Wakulima Wahutu walikuwa na madai ya kweli dhidi ya machifu, dhidi ya kazi za bure, dhidi ya utawala ambao Mbelgiji mwenyewe aliukaza kwa vitambulisho vya kabila katika miaka ya 1930. Anayesimulia 1959 kana kwamba ni njama tupu ya mkoloni anawanyang'anya wakulima wale historia yao. Lakini ni kweli pia kwamba Kanali Guy Logiest, aliyeletwa kurudisha amani, alichagua upande, akawaondoa machifu Watutsi na kuwaweka wengine, huku nyumba zikichomwa na watu wakikimbia. Mwaka 1960 Mwami alitoka nchini na kuzuiwa kurudi. Tarehe 28 Januari 1961 viongozi wa vijiji na miji walikusanyika Gitarama wakatangaza kwamba ufalme umekwisha. Ubelgiji haikuchelewa kufanya kazi na serikali hiyo mpya. Umoja wa Mataifa ulilalamika na kudai kura ya maoni. Kura ilipigwa tarehe 25 Septemba 1961, na asilimia kama 80 walisema hapana, kwa ufalme na kwa Kigeli mwenyewe. Yeye aliingia nchini kwa siri siku zile zile, akakamatwa, na mwanzoni mwa Oktoba akasukumiwa Tanganyika.

Hivyo Dar es Salaam ikawahi kuwapokea watawala wawili walionyimwa karatasi: Khalid wa Unguja mwaka 1896, na Kigeli wa Rwanda mwaka 1961. Mwalimu wa historia akitafuta swali la mtihani, hilo namwachia bure.

Wafalme huwa wanapokelewa mjini. Watu wao huishia porini. Maelfu walikuwa wamekimbia tangu 1959 kwenda Uganda, Burundi, Tanganyika, na wengine Kivu. Kule Kivu, mwaka 1964, wakati Kongo ikiwaka kwa uasi wa Simba, wakimbizi walishikwa kati; wenyeji wakawageuka, serikali ya jimbo ikataka waondoke. Maofisa wawili wa mashirika ya Umoja wa Mataifa waliokuwa wakishughulika nao, François Preziosi na Jean Plicque, waliuawa Agosti mwaka ule. Wakimbizi wakarushwa kwa ndege kutoka Goma hadi Tabora, na kutoka huko wakasafirishwa kwa nchi kavu hadi Mwese. Shirika la TCRS, lililoundwa mwaka ule ule wa 1964 na makanisa ya Kilutheri, liliwasaidia kuanza. Baadaye Mpanda ikaja kupokea wengi zaidi, wa kutoka Burundi, huko Katumba na Mishamo, lakini Mwese ndio walioanza.

Watoto waliobebwa mgongoni siku zile hawakujua Ramsay ni nani wala Harroy ni nani. Walijua baridi ya milima ile, jembe na foleni ya mahindi. Mwami wao alikuwa mahali fulani, Dar es Salaam, Kampala, Nairobi, akiandika barua kwa wakubwa wa dunia, naye bila kiti. Utambuzi wa mataifa ulikuwa umekwenda kwa serikali ya Kigali, na kwa mkimbizi hiyo ina maana moja tu: hakuna anayekuuliza.

Na jambo hili halikufa na ukoloni. Tazama uchaguzi unapoleta utata katika nchi yoyote ya Afrika, au wanajeshi wanapopindua. Kabla wananchi hawajamaliza kuhesabu maiti zao, redio zinangoja salamu za pongezi kutoka Paris, London na Washington. Salamu zikija, mgomvi mmoja anakuwa "Mheshimiwa" na mwingine anakuwa "mwasi". Nani aliyekaa pale, aliingiaje, bado si swali kubwa. Kiti kikikubali bendera, mikataba na misaada, inatosha. Mpamarugamba wa siku hizi huvaa suti.

Kwa watu wa Mwese karatasi ya maana ilikuja kutoka upande mwingine. Mwaka 1980 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000 waliokuwa wakiishi nchini, na wa Mwese wamo katika hesabu hiyo. Wapo waliochukua na kubaki, wapo waliorudi Rwanda baada ya 1994, na wapo waliokwisha kuzikwa pale pale milimani.

Kigeli alihamia Marekani mwaka 1992. Alifariki huko huko Oktoba 2016, na kukawa na kesi mahakamani kuhusu mwili wake, ndugu wakibishana azikwe wapi. Januari 2017 mahakama ya Kimarekani ikaamua arudishwe nyumbani. Alizikwa Mwima, karibu na kaburi la kaka yake, kwenye kilima kile kile ambako abiru walitaja jina lake.